Mizani na Ujirani: Mafungamano ya Karibu na ya Mbali katika Historia ya Ushirika wa Pamba Usukumani

Katika nchi ya Wasukuma, iliyoenea kusini na mashariki ya Ziwa Victoria, mkulima wa pamba wa miaka ya 1940 alikutana na biashara ya dunia mahali pamoja tu, napo ni mbele ya mizani. Alikuwa amelima, amepanda, amepalilia na kuchuma. Alikuwa ameitenga pamba safi mbali na fifi. Tena alikuwa ameuchukua mzigo kichwani au kwa baiskeli mpaka gulioni. Hapo mnunuzi, aghalabu mfanya biashara wa Kihindi au wakala wake, aliuweka mzigo katika mizani iliyokuwa mali yake mwenyewe, akasoma uzito mwenyewe, na kutaja fedha mwenyewe. Wakulima wengi hawakujua kusoma ile mizani, na malalamiko ya kupunjwa yalizagaa toka Ukerewe mpaka Shinyanga.

Shida hii yataka kuangaliwa vizuri, maana haikuwa shida ya ujinga tu. Ichukuliwe mfano wa mzigo wa ratili mia moja ambao mizani inausoma tisini na tano. Hata mkulima aliyetambua kwamba ameibiwa ratili tano hakuwa na la kufanya, kwa kuwa kurudi nyumbani na mzigo kungemgharimu zaidi ya zile ratili tano. Kila mmoja, akifikiri peke yake, aliona heri akubali. Na kwa kuwa kila mmoja alikubali, zile ratili tano tano zilikusanyika zikawa marobota. Wote wangalifaidika kwa kukataa pamoja, walakini hakuna aliyefaidika kwa kukataa peke yake. Baada ya miaka michache tu watu hao hao walikuwa wamejenga shirika lililohesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika. Makusudi ya makala hii ni kuuliza waliwezaje, na kwa nini kazi yao ilidhoofika baadaye.

Jibu la kawaida ni kwamba Waafrika wana desturi ya kusaidiana tangu kale. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kwani desturi ya kusaidiana ilikuwako wakati wote wa kupunjwa, na wala haikuzuia mtu kupunjwa. Inafaa kutofautisha aina mbili za mafungamano. Yako mafungamano ya karibu, yaani yale ya ndugu, majirani na marika, ambao huonana kila siku na kujuana kwa siri zao. Tena yako mafungamano ya mbali, yaani yale ya watu wanaojuana kwa nadra: wenzi wa safari, watani, wateja, watu waliosoma shule moja. Mwaka wa 1973 mtaalamu wa Kimarekani Mark Granovetter alionyesha kwamba habari mpya, mathalani habari za kazi, humfikia mtu zaidi kwa njia ya wale anaowajua kwa mbali, maana wale wa karibu wanajua yale yale anayoyajua yeye. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2006 Hisashi Ohtsuki, Martin Nowak na wenzao walionyesha kwa hesabu kwamba tabia ya kusaidiana hustawi pale ambapo faida yake, ikigawanywa kwa gharama yake, inapita idadi ya majirani wa kila mtu. Maana yake ni kwamba ushirikiano hulindwa vizuri zaidi katika vikundi ambamo kila mtu ana wenzake wachache. Basi mafungamano ya karibu hulinda uaminifu, na yale ya mbali huleta maarifa na kupanua eneo la kazi. Methali za Kiswahili zilikwisha kuyajua yote mawili. Asemaye kwamba mkono mmoja haulei mwana anasifu ujirani. Asemaye mgeni njoo mwenyeji apone anasifu yule atokaye mbali. Na asemaye kikulacho ki nguoni mwako anaonya kwamba ukaribu nao una hatari zake.

Usukumani mafungamano ya karibu yalikuwa na makao yake katika igunguli, yaani kijiji au mtaa wa nyumba zilizotawanyika, ulio chini ya ng'wanangwa. Huyu alikuwa chini ya ntemi, mtawala wa nchi. Walakini kazi za pamoja hazikuongozwa na ng'wanangwa. Ziliongozwa na nsumba ntale, mkuu wa vijana, ambaye nguvu zake zilitoka kwa watu wa kawaida wala si kwa ntemi. Yeye ndiye aliyewaita elika, yaani kundi la kulima kwa pamoja, waende kwenye shamba la mtu aliyeomba msaada, na mwenye shamba aliwalisha. Mtu aliyekwepa zamu yake pasipo sababu alitozwa. Na aliyekataa tozo alitengwa. Hakuna aliyekwenda kwake, hakuna aliyemsaidia kujenga, na siku ya msiba wake alibaki na jamaa zake tu. Adhabu hiyo haikuhitaji askari wala jela, ila ilihitaji jambo moja: kwamba watu wote wawe wanajuana na hawana mahali pengine pa kwenda.

Hali kama hiyo ilikuwa visiwani pia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ameeleza kirefu jinsi mume anavyolazimika kupeleka pombe ya ndizi kwa wakwe ili arudishiwe mkewe. Pombe ile haiwezi kutengenezwa na mtu mmoja. Yataka mikono ya ndugu na majirani. Msomaji wa kitabu hicho anaona kwamba katika jamii ile kusaidiana hakukuwa hisani, bali deni lililohesabiwa kwa uangalifu mkubwa.

Lakini elika ilikuwa na mpaka. Nguvu zake ziliishia pale ujirani ulipoishia. Usukuma mzima ulikuwa na batemi hamsini hivi, na igunguli moja ikiamua kumgomea mnunuzi wa pamba, mnunuzi huyo hakupata hasara kubwa, kwa sababu alinunua katika magunguli mengine. Ndiyo sababu mafungamano ya karibu, hata yakiwa imara namna gani, hayakuweza kuishinda mizani.

Ni kweli kwamba Wasukuma walikuwa na mafungamano mapana zaidi. Vyama vya ngoma, hasa vile viwili vikuu vya Bagika na Bagalu, vilienea nchi nzima na kupita mipaka ya batemi, hata mtu aliyekwenda ugenini aliweza kupata wenzake wa chama kimoja. Kadhalika misafara ya karne ya 19, ambayo Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wake mashuhuri, iliacha utani baina yao na makabila mengi ya njiani hata karibu na pwani. Utani ni jambo la ajabu katika habari hii, maana ni ufungamano wa mbali uliopewa sheria: mtani haonekani kwa miaka, lakini akifa ugenini watani wake wana wajibu wa kumzika. Hata hivyo, vyama vya ngoma vilikuwa vya kushindana, na utani ulikuwa wa safari na msiba. Havikuundwa kwa ajili ya kuuza mazao.

Kilichokosekana kilipatikana katika mji wa Mwanza. Mji huo, ulioanza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, ulifikiwa na reli ya kutoka Tabora mwaka 1928, na meli za ziwani ziliuunganisha na Bukoba, Musoma, Kisumu na bandari za Uganda. Humo walikutana makarani, walimu, madereva, wenye maduka madogo na wahudumu wa misheni kutoka kila upande wa ziwa. Hawakuwa ndugu, wala hawakulima pamoja. Walijuana kwa sababu ya biashara, ibada na shule, na walisema Kiswahili. Mwaka wa 1945 uliundwa humo Umoja wa Wasukuma, na tawi la Chama cha Waafrika wa Tanganyika nalo lilikuwa na nguvu. Wafanya biashara wa Kiafrika nao walikuwa na chama chao cha ushirika, na mwaka wa 1947 kiliingia katika kazi yake kijana mmoja aliyeitwa Paul Bomani.

Maisha ya Bomani yanaonyesha vizuri jambo linalosemwa hapa. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mwana wa mchungaji wa Kisabato, Msukuma aliyekulia nje ya Usukuma. Kabla ya kuja Mwanza alikuwa karani katika machimbo ya almasi ya Mwadui. Kwa hiyo hakuwa mtu wa igunguli moja, bali alijulikana kidogo mahali pengi. Mtu wa namna hiyo hawezi kumlazimisha jirani arudishe fedha za chama, kwa kuwa hana jirani wa namna hiyo. Lakini anaweza kupeleka Geita jambo lililofanikiwa Ukerewe, na kuwaeleza watu wa Maswa jinsi Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 ilivyokwisha kuwafaa Wachagga, ambao chama chao kikuu cha kahawa kiliandikishwa mwaka 1933.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa sehemu mbalimbali walianza kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na magulio, ili mtu apime mzigo wake kabla ya kuupeleka kwa mnunuzi. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililogeuza hesabu iliyotajwa mwanzoni. Mpimaji alitoka katika watu wenyewe. Akidanganya, alijulikana alikolala. Uzito ukiisha kujulikana na watu wote, mnunuzi hakupambana tena na mtu mmoja mwenye mashaka, bali na gulio zima lenye ushahidi. Kutoka hapo palizaliwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya uongozi wa Bomani, ambaye baadaye alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika huko Loughborough. Vyama vya msingi viliandikishwa kimoja baada ya kingine, vikaunganishwa katika vyama vikuu, na mwaka wa 1955 vyama hivyo vikaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililofahamika kwa herufi V.F.C.U., Bomani akiwa meneja wake mkuu. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe, na Shirikisho lilikuwa na vinu vyake, kikiwamo kile cha Kasamwa katika Geita.

Muundo wake ndio unaostahili kuzingatiwa. Chini palikuwa na chama cha msingi, kilichofuata ujirani uliokuwako tayari. Wajumbe wa kamati walichaguliwa na watu waliowajua tangu utoto, na karani aliyepunja alipunja wakwe zake. Juu palikuwa na Shirikisho, lililoshika mafungamano ya mbali: na Bodi ya kuuza pamba iliyoundwa mwaka 1952, na Idara ya Ushirika, na mabenki. Chama cha msingi peke yake kingalibaki elika. Shirikisho peke yake lingalibaki ofisi ya mjini. Nguvu ilitoka katika kukutana kwao. Inafaa ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 1954 mpaka 1958 Serikali ya kikoloni haikukubali kuandikisha matawi ya TANU Usukumani. Wakati huo wote vyama vya ushirika ndivyo vilivyokuwa mahali halali pa watu wa nchi mbalimbali kukutana, kuchagua na kusema.

Jambo hili lina upande wake wa lugha. Kisukuma kina maneno mengi ya kazi za pamoja, na elika ni mojawapo. Walakini chama kipya hakikuitwa elika. Kiliitwa kwa neno la Kiswahili, ushirika, lenye asili ya Kiarabu. Sababu yake si upungufu wa Kisukuma. Elika lilikuwa neno la watu wanaojuana. Lilibeba ndani yake rika, zamu, chakula na adhabu ya kutengwa. Muungano wa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza na wengineo ulihitaji neno ambalo halikuwa mali ya ujirani wa mtu yeyote. James na Lesley Milroy, waliochunguza Kiingereza cha mji wa Belfast, walieleza mwaka 1985 kwamba mafungamano ya karibu huhifadhi usemi wa zamani, na yale ya mbali hupitisha usemi mpya. Maneno ushirika, mizani, karani, hisa na mjumbe yaliingia vijijini kwa njia ile ile waliyopita makarani na madereva. Wakati huo huo, shamba lilipokuwa la kulimwa, watu waliendelea kuitana kwa neno la kale. Lugha mbili hizi ziligawana kazi kama zilivyogawana tabaka mbili za ushirika wenyewe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 mizani ya mambo ilianza kuinama upande mmoja. Vyama viliongezeka upesi, vingine kwa haraka ya kisiasa kuliko kwa haja ya wanachama. Shirikisho lilichukua kazi nyingi zaidi: vinu, matrekta, usafirishaji. Makarani wakawa watumishi wa ofisi ya mbali badala ya majirani wa wanachama. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja miongoni mwa kasoro kwamba wanachama hawakuelewa mambo ya vyama vyao, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na kwamba siasa iliingilia kazi. Kwa maneno ya makala hii, mafungamano ya mbali yalikuwa yamekua na yale ya karibu yamekatika. Mkulima alisimama tena mbele ya mizani asiyoimiliki, ijapokuwa safari hii iliandikwa jina lake.

Kilichofuata kilizidisha hali hiyo. Mwaka wa 1974 watu wa Mwanza na Shinyanga walihamishwa kutoka katika nyumba zao zilizotawanyika na kupangwa katika vijiji, na majirani wa vizazi vingi wakatenganishwa. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, pamoja na Chama Kikuu cha Nyanza kilichokuwa kimerithi kazi ya V.F.C.U.; pamba ikanunuliwa na Mamlaka ya Pamba kupitia vijiji. Ilidhaniwa kwamba kijiji, kwa kuwa watu wake wanakaa pamoja, kitakuwa chama kwa tabia yake. Lakini kukaa pamoja si kujuana, na kujuana hakupatikani kwa amri. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo, navyo vikaanza kazi tena katikati ya miaka ya 1980, vikiwa na madeni na wanachama wenye mashaka.

Katika miaka hiyo hiyo ushirikiano wa namna nyingine ulizuka pasipo amri ya mtu. Baada ya vita ya Kagera ya miaka ya 1978 na 1979 silaha zilienea, na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na nchi jirani, watu waliunda Sungusungu. Ulinzi huo ulitumia vyombo vya kale: mwano, yaani ukelele wa hatari unaopokewa kutoka nyumba hata nyumba, ufuatiaji wa nyayo kutoka mtaa hata mtaa, na adhabu ya kutengwa. Vyeo vyake vilikuwa ntemi, neno la nyumbani, na katikiro, neno lililotoka Buganda ng'ambo ya ziwa. Katika miaka michache tu ulikuwa umeenea Usukuma na Unyamwezi, na mwaka wa 1989 ulipewa nafasi katika sheria. Hapa tena ujirani ulitoa nguvu, na mafungamano ya mbali yalitoa njia ya kuenea. Lakini Sungusungu ulionyesha vilevile ubaya wa mafungamano ya karibu yasiyo na mtu wa nje wa kuyauliza: waliosingiziwa uchawi, hasa wanawake wazee, waliteswa na wengine wakauawa, kwa kuwa katika mtaa ambamo kila mtu anamwogopa jirani yake hapana aliyethubutu kuwatetea. Nguvu iliyomkamata mwizi ndiyo iliyomwangamiza asiye na hatia.

Mwaka wa 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa, na wanunuzi binafsi wakarudi vijijini na mizani zao. Malalamiko ya kupunjwa yakarudi pamoja nao. Katika msimu wa 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya ushirika vya mazao vilivyoko vijijini. Historia iliyosimuliwa hapa haitoshi kueleza mwisho wa agizo kama hilo, lakini yatosha kuonyesha la kutazama: si idadi ya vyama vilivyoandikishwa, bali kama mpimaji anajulikana na wale anaowapimia, na kama watu hao wana njia ya kupeleka neno lao nje ya kijiji wanapomtilia shaka.

Kwa wachunguzi wa lugha iko kazi inayongoja. Maneno ya elika, ya magulio na ya vyama vya msingi vya miaka ya 1950 yangali katika vinywa vya wazee wachache wa pande za Magu, Kwimba, Geita na Ukerewe, na mengine yamo katika vitabu vya kumbukumbu za mikutano vinavyoliwa na mchwa katika maghala ya vyama. Yakikusanywa sasa, yataonyesha kwa uhakika zaidi jinsi watu waliozoea kuaminiana mtaani walivyojifunza kuaminiana na wasiowajua. Yakiachwa, itabaki ile kauli nyepesi tu kwamba Waafrika walisaidiana tangu kale, kauli ambayo haiwezi kueleza kwa nini walishinda mwaka 1955 na kwa nini walishindwa baadaye.